Clara Schumann: Mpiga piano, mwalimu, mama wa watoto 8

Leo tunaacha kidogo chanjo na uji wa mtoto. Nataka nikusimulie maisha ya mwanamke mmoja wa Ujerumani, kwa sababu kliniki nasikia sana neno hili: "Nesi, mimi nimeshindwa, wenzangu wanaweza peke yao." Nimeigawa sehemu tano ili usome hata ukiwa unanyonyesha.

Anaitwa Clara Schumann. Wajerumani waliweka sura yake kwenye noti ya mark 100, noti iliyotumika mpaka walipohamia euro mwaka 2002. Alipiga piano hadharani kwa miaka zaidi ya 60, akazaa watoto 8, akawa mwalimu mkubwa. Ukisoma juu juu utasema huyu mama alikuwa wa chuma. Soma taratibu, na uhesabu mikono iliyokuwa inamshika.

SEHEMU YA 1: MTOTO ALIYECHELEWA KUONGEA

Clara alizaliwa Leipzig tarehe 13 Septemba 1819. Baba yake, Friedrich Wieck, alikuwa mwalimu wa piano na muuzaji wa piano. Mama yake, Marianne, alikuwa mwimbaji na mpiga piano. Kwa hiyo mtoto alizaliwa kwenye nyumba ya muziki. Lakini ilikuwa pia nyumba ya ugomvi.

Clara alivuka miaka minne haongei. Nyumbani walidhani hasikii vizuri. Mama yake akaondoka mwaka 1824, na ndoa ikavunjika. Sheria ya Saxony wakati huo ilimpa baba watoto. Clara alikaa na mama yake miezi michache tu, kisha akiwa na miaka mitano akarudishwa kwa baba. Hebu jiweke kwenye viatu vya huyo mama.

Hapa nisimame kidogo kama nesi. Mtoto wako akifika miaka miwili na hajaunganisha hata maneno mawili, usikae ukisema "hata baba yake alichelewa." Mlete apimwe masikio. Kuchelewa kuongea siyo ujinga, na Clara ni shahidi, lakini sababu lazima itafutwe mapema.

Baba alimfundisha kila siku. Somo saa moja, mazoezi kama saa mbili, halafu matembezi ya nje, jua au baridi. Mwaka 1828, akiwa na miaka 9, alipiga kwenye ukumbi wa Gewandhaus pale Leipzig. Miaka miwili baadaye akafanya onyesho lake mwenyewe. Akiwa na miaka 16 alipiga huko huko tamasha la piano na okestra alilolitunga mwenyewe.

Ila kuna jambo linaniuma. Shajara ya Clara, yaani daftari la kuandika mambo yake ya kila siku, kwa miaka mingi iliandikwa na baba. Tena aliandika "mimi" kana kwamba ni mtoto ndiye anayesema. Pesa za maonyesho nazo alishika yeye. Alimpa binti ufundi wa ajabu, lakini sauti yake hakumpa.

SEHEMU YA 2: NDOA ILIYOPITIA MAHAKAMANI

Mwaka 1830 alikuja kijana mmoja kukaa kwa Wieck ili afundishwe piano. Jina lake Robert Schumann, ana miaka 20, Clara ana 11. Kijana aliumia mkono, ndoto ya kuwa mpigaji ikafa, akageukia utunzi wa muziki. Clara alipokua, wakapendana. Mwaka 1837 wakaahidiana ndoa.

Baba akakataa katakata. Clara alikuwa hajafika miaka 21, na bila ridhaa ya baba hakuna ndoa. Mwaka 1839 wakaenda mahakamani. Fikiria binti wa miaka 19, aliyelelewa na baba tangu ana miaka mitano, anamshtaki baba huyo huyo.

Alikwenda wapi alipofungiwa mlango wa nyumbani? Berlin, kwa mama yake. Marianne, yule aliyenyang'anywa mtoto, ndiye aliyetoa ridhaa yake na kumpokea. Shika hapo, ni mkono wa kwanza.

Mahakama iliwaruhusu. Walioana tarehe 12 Septemba 1840, siku moja kabla Clara hajatimiza miaka 21.

SEHEMU YA 3: WATOTO WANANE, PIANO IMEFUNGWA

Sasa hesabu na mimi. Marie 1841. Elise 1843. Julie 1845. Emil 1846. Ludwig 1848. Ferdinand 1849. Eugenie 1851. Felix 1854. Watoto 8 ndani ya miaka isiyofika 13, na katikati mwaka 1852 mimba moja ikatoka. Emil alifariki mwaka 1847, hajafika hata mwaka na nusu. Leo tukiona mpangilio kama huo kwenye kadi, tunakaa na mama na baba tunazungumza habari za kupanga uzazi. Mwili unahitaji angalau miaka miwili kabla ya kubeba tena. Clara hakuwa na njia za kuchagua ulizonazo wewe.

Nyumbani kulikuwa na shida nyingine. Robert akiwa anatunga alihitaji ukimya, na kuta zilikuwa nyembamba. Kwa hiyo mpiga piano maarufu kuliko mumewe alikaa siku nyingi bila kugusa piano. Hata hivyo maonyesho yake yalikuwa nguzo ya mapato ya nyumba. Na bado alitunga. Mwaka 1846, kati ya mimba na mimba, akamaliza kazi ya piano, fidla na selo ambayo inapigwa mpaka leo.

Mwezi Mei 1849 mapigano yakazuka mjini Dresden walikokuwa wanaishi. Waasi walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kutafuta wanaume wa kushika silaha. Clara akatoroka na Robert na binti yao mkubwa, wadogo wakabaki na mtumishi. Kisha, akiwa na mimba ya miezi kama saba, akarudi usiku, akapita katikati ya watu wenye silaha, akawachukua watoto wake watatu waliobaki.

Huo ni ujasiri, siyo siri. Lakini ona pia nani alibaki na watoto: mtumishi. Nyumba ya Schumann ilikuwa na wasaidizi, na watoto walinyonyeshwa na wanawake wa kukodiwa, kama ilivyokuwa desturi ya familia za namna hiyo. (Hilo la kunyonyeshewa na mtu mwingine leo usilifanye kienyeji, kuna magonjwa yanapita kwenye maziwa. Njoo tuongee kwanza.) Yule dada wa kazi unayemwona wa kawaida ndiye anayekufanya wewe uende kazini. Mlipe kwa wakati, na umwite kwa jina lake.

SEHEMU YA 4: MWAKA 1854

Familia ilihamia Düsseldorf mwaka 1850. Robert alikuwa na ugonjwa wa akili uliokuwa unakuja na kuondoka kwa miaka. Mwezi Februari 1854 ukampiga vibaya. Alisikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Tarehe 27 akatoka nyumbani, akajitupa mto Rhine. Walimwokoa. Siku chache baadaye akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili Endenich, karibu na Bonn, kwa ombi lake mwenyewe.

Clara alikuwa na mimba ya miezi kama mitano. Mume hayupo, watoto sita ndani, gharama za hospitali zinamsubiri. Madaktari hawakumruhusu kumwona mgonjwa. Felix alizaliwa Juni, na baba yake hakuwahi kumtia machoni.

Marafiki walitaka kumchangia. Alikataa kufanyiwa tamasha la msaada, akasema moyoni mikono yangu ipo. Oktoba mwaka huo huo, mtoto ana miezi minne, akaanza kuzunguka miji kupiga piano.

Sasa watoto walibaki na nani? Kulikuwa na mtunza nyumba, Bertha. Na kulikuwa na kijana wa miaka 20, Johannes Brahms, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa watunzi wakubwa wa Ulaya. Aliposikia habari ya Robert alikuja mbio. Alicheza na watoto, akaandika daftari la matumizi ya nyumba. Baba unayesoma hapa, kuandika hesabu ya unga na mkaa hakukumpunguzia Brahms kitu. Watoto wengine walipelekwa kwa ndugu na shule za bweni, na Julie alikwenda Berlin kwa bibi yake Marianne. Umemwona tena huyo mama?

Clara aliruhusiwa kumwona mumewe tarehe 27 Julai 1856, baada ya zaidi ya miaka miwili. Robert alifariki siku mbili baadaye. Clara alikuwa na miaka 36.

Nakuomba kitu kimoja. Mtu wako wa nyumbani akianza kusikia sauti, akikosa usingizi siku nyingi, akisema anataka kufa, usimfiche ndani, na usimwite mwehu. Mlete hospitali siku hiyo hiyo. Na mama uliyejifungua, ukiona huzuni haiishi baada ya wiki mbili, hilo pia ni la hospitali. Dawa na ushauri ambavyo Robert hakuvipata vipo leo.

SEHEMU YA 5: MWALIMU WA FRANKFURT

Kwa miaka mingi Clara aliishi safarini: Uingereza, Urusi, Austria, Uholanzi. Programu za maonyesho yake zilizohifadhiwa zinafika kama 1,300. Kutunga muziki aliacha karibu kabisa. Miaka ya 1870 maumivu ya mkono yakamlazimisha kupumzika kwa muda mrefu.

Mwaka 1878 chuo kipya cha muziki cha Hoch mjini Frankfurt kikamwita. Alikuwa na miaka 59, mwanamke pekee kati ya walimu wakuu. Na alijua kupatana: mkataba ulimruhusu kufundishia nyumbani kwake na kuondoka kwa ajili ya maonyesho. Wanafunzi walimfuata hata kutoka Uingereza, akina Fanny Davies na Adelina de Lara. Hakutaka vidole vinavyogonga kwa fujo. Alitaka piano iimbe, na kila noti ilivyoandikwa na mtunzi iheshimiwe. Wanaoanza walipita kwanza kwa binti zake, Marie na Eugenie, waliokuwa wasaidizi wake. Alifundisha hapo mpaka mwaka 1892.

Huku nyuma nyumba ilikuwa inapukutika. Julie alifariki mwaka 1872 kwa kifua kikuu, ana miaka 27. Felix alifariki kwa ugonjwa huo huo mwaka 1879, ana miaka 24. Miaka mitatu tu baadaye, Machi 1882, daktari Robert Koch alisimama Berlin akatangaza kwamba ameona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Leo ugonjwa huo unatibika, mara nyingi kwa miezi sita ya vidonge. Kikohozi kikipita wiki mbili, usingoje.

Ludwig aliugua akili na kuishia hospitalini maisha yake yote. Ferdinand aliumwa baada ya vita vya 1870, akapewa mofini kwa maumivu, ikamtawala, akafariki mwaka 1891. Clara, bibi wa miaka zaidi ya 70, akasaidia kulea wajukuu.

Mwenyewe alifariki Frankfurt tarehe 20 Mei 1896 kwa kiharusi, ana miaka 76. Amezikwa Bonn, kando ya Robert.

Sasa nikuulize: ni mikono mingapi umehesabu? Mimi nimeona Marianne, mtumishi wa Dresden, Bertha, Brahms, walimu wa bweni, na zaidi ya wote Marie. Marie hakuolewa. Alishika nyumba, akawalea wadogo zake, akamsaidia mama yake kazi mpaka mwisho. Eugenie, katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichotoka mwaka 1925, anamweleza dada yake kama mama wa pili. Sifa za Clara tunazijua kwa sababu Marie alikuwepo. Na watoto walilipa pia: waliishi na mama waliyemwona kwa vipindi, na wengine wakakua mbali na wenzao.

Sisemi alikosea kwenda kazini. Asingekwenda, wangekula nini? Ninachosema ni kwamba hakuna mama aliyeweza peke yake, hata huyu wa kwenye noti. Na ukiwa na binti mkubwa anayekubebea wadogo zake kila siku, mwangalie leo. Muulize yeye anataka nini maishani, na umpe jioni yake mwenyewe.

Kesho kabla hujasema "nimeshindwa", chukua karatasi uandike majina matatu: nani anaweza kukaa na mtoto saa mbili, nani anaweza kukupikia ukiugua, nani utampigia saa nane za usiku. Ukikosa hata moja, njoo kliniki na karatasi yako tupu. Tutaanza nayo hapo.

Usiku mwema, na mtoto mkafunike, baridi imeanza.