Redio ya Sufuria na Bei ya Msikilizaji

Mwaka 1941, Vita Kuu ya Pili ilipokuwa imepamba moto, serikali ya kikoloni ya Rodesia ya Kaskazini ilianzisha kituo kidogo cha redio mjini Lusaka. Vijana wa nchi ile walikuwa wamepelekwa kupigana mbali na kwao, na wazee wao na wake zao walitaka kupata habari za vita. Kwa hiyo redio ya Waafrika katika nchi ambayo leo ni Zambia ilizaliwa, kwa sehemu kubwa, kwa ajili ya jamaa za askari.

Kituo kilikuwapo; wasikilizaji walikuwa wachache mno. Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari, alitambua kwamba matangazo ya kuvutia hayamfai mtu asiye na chombo cha kuyasikilizia. Kwa miaka kadhaa alibisha hodi kwa wenye viwanda wa Uingereza, nao wakamkatalia, kwani hawakuamini kwamba Mwafrika angenunua redio. Hatimaye kampuni ya Ever Ready ilikubali. Mwaka 1949 ikatoka redio ya mviringo, kasha lake likiwa na umbo la sufuria ya alumini iliyopakwa rangi ya buluu. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri shilingi 25 zaidi, iliyodumu kwa saa zipatazo 300. Hizo hazikuwa fedha ndogo kwa mchimba migodi. Hata hivyo, katika miezi 3 ya kwanza ziliuzwa redio 1,500.

Maana ya betri ile huonekana vizuri ukifikiria mahali kama Puta, ukingoni mwa Ziwa Mweru, mbali na reli, ng'ambo ya maji ikiwa ni Kongo. Wanaume wengi wa ukanda ule waliacha nyavu wakaenda kutafuta kazi katika migodi ya Copperbelt na ya Katanga. Huko nyuma hapakuwa na umeme wala gazeti la kila siku. Redio ya sufuria haikuhitaji waya wa umeme, na mawimbi mafupi ya Lusaka hayakuhitaji barabara.

Kisha Lusaka ikawafungulia watu mlango. Barua zikamiminika, watu wakiomba nyimbo na kutaka majina yao yatajwe hewani. Alick Nkhata, aliyekuwa amepigana Burma, alizunguka vijijini akirekodi nyimbo za wenyeji. Naye mtu aliyesikia ngoma ya kwao ikitoka katika sufuria hakuhitaji kubembelezwa ili asikilize tena kesho yake. (Nkhata aliuawa mwaka 1978, majeshi ya Rodesia yalipoishambulia Zambia.)

Zawadi zilikuja kwa wingi pamoja na vita vya maneno vya mataifa makubwa. Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, London mwaka 1957, Peking mwaka 1961. Vituo vya nje viligawa kalenda, picha na beji. Peking ikaja kuendesha mashindano ya chemsha bongo, na katika miaka ya baadaye baadhi ya washindi walialikwa kuitembelea China. Ustadi wa mpango huo haukuwa katika zawadi. Maswali huulizwa juu ya yale yale ambayo kituo kinataka yakumbukwe, na msikilizaji hujifundisha mwenyewe akidhani anacheza. Tena kila jibu huja na jina na anwani. Kwa raia hilo ni jambo dogo. Kwa askari aandikaye namba ya kikosi chake na mahali kilipo, ili tu apelekewe kalenda au salamu zake zisomwe, si dogo hata kidogo.

Mfano mchungu zaidi ni wa Kigali. Julai 1993 redio ya RTLM ilianza kutangaza. Ilipiga muziki wa Zaire, ilifanya mizaha ya vijiweni, iliwapa wasikilizaji nafasi ya kusema kwa simu. Redio ya serikali ikaonekana kavu mbele yake, na imesimuliwa kwamba hata wapiganaji wa RPF, ambao redio hiyo iliwatukana, waliifungulia kwa ajili ya burudani. Masikio yakawa yamekwisha kupatikana. Kuanzia Aprili 1994 sauti zile zile zilizochekesha zilitaja watu kwa majina, na mahali walipo, ili wauawe. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa mjini Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza.

Mwezi Desemba 2000 mji wa Pweto, upande wa Kongo wa Ziwa Mweru, ulianguka mikononi mwa waasi na majeshi ya Rwanda, na maelfu ya raia pamoja na askari wa serikali walivuka mpaka kuingia Zambia. Miezi 14 baadaye, Februari 2002, Umoja wa Mataifa na shirika la Hirondelle walianzisha Redio Okapi, ikitangaza kwa lugha 5, Kiswahili kikiwemo. Kivutio chake kilikuwa habari zilizosikika pande zote mbili za mstari wa vita, kwa watu ambao kwa miaka kadhaa walikuwa hawajui jamaa zao wa upande wa pili wako hai au la.