Majadiliano ya kiinua mgongo kazini

Kiinua mgongo ni fedha anayolipwa mfanyakazi ajira yake inapokoma, kwa kuzingatia miaka aliyotumikia. Tanzania Bara, malipo haya yanaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Mwajiri anapopunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuchumi, kiteknolojia au za kimuundo, kiasi chake hujadiliwa na pande zote mbili.

Mashauriano. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza wafanyakazi, aeleze sababu, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe wasio na chama. Hushauriana kuhusu namna ya kuepuka upunguzaji, vigezo vya kuchagua wanaoondoka, muda wa kuondoka na kiinua mgongo. Wasipoafikiana, suala hupelekwa kwenye usuluhishi.

Kiwango cha chini. Kifungu cha 42 kinaweka mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, bila kuzidi miaka 10, kwa aliyetumikia angalau miezi 12 mfululizo. Mfanyakazi wa siku sita kwa wiki anayelipwa shilingi 780,000 kwa mwezi hupata 30,000 kwa siku. Kwa miaka 8 kiinua mgongo chake hakipungui shilingi 1,680,000. Aliyeachishwa kwa haki kutokana na utovu wa nidhamu, au aliyekataa bila sababu ya msingi kazi mbadala kwa mwajiri huyo au mwingine, hakipati. Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataja siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka.

Yanayojadiliwa. Siku 7 ni mwanzo wa mazungumzo. Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya mwajiri na chama cha wafanyakazi, unaweza kutoa zaidi, nao ndio wa kusomwa kwanza. Wafanyakazi huweza kudai siku nyingi zaidi, kuhesabiwa miaka inayozidi 10, kulipwa kwa mkupuo, kuendelea na bima ya afya kwa muda, na kupewa kipaumbele nafasi zikifunguliwa tena. Mshahara wa siku zilizofanyiwa kazi, likizo isiyochukuliwa, notisi, nauli ya kurudi mahali pa kuajiriwa na hati ya utumishi ni haki zinazojitegemea. Mwajiri akizijumlisha na kuziita nyongeza, mfanyakazi azitenganishe moja baada ya nyingine.

Kutia saini. Nguvu ya mfanyakazi iko kabla ya saini. Asome kila kifungu, hasa kinachosema hatakuwa na madai mengine, aonyeshe hati kwa kiongozi wa chama au wakili, na abaki na nakala. Anayeona ameachishwa isivyo haki ana siku 30 za kufungua shauri katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; akichelewa, lazima kwanza aombe kuongezewa muda.