Shakwe wa Musambwa na Mafunjo ya Nakivubo

Nilizaliwa Bukoba, nikaolewa Kampala, na nyumba yetu ya Bugolobi iko kwenye mteremko unaoishia katika kinamasi cha Nakivubo. Shakwe kichwa-kijivu wakipita juu ya mfereji wa Nakivubo kuelekea bandari ya Port Bell, majirani huuliza ndege wa baharini wanatafuta nini huku. Nawajibu kuwa hawa ni wa ziwa, na mazalia yao makubwa kuliko yote Afrika yako hapahapa Uganda, kwenye visiwa vya Musambwa katika Ziwa Viktoria, karibu na Ghuba ya Sango, si mbali na mpaka wa Tanzania.

Musambwa ni miamba iliyochomoza majini. Wavuvi wameishi humo kwa masharti ya wazee: mwanamke hakai kisiwani, nyoka hauawi, kwa kuwa ni makao ya mizimu. Kwa hiyo habari zake nimezipata kwa marehemu baba mkwe, aliyevua huko ujanani. Alisema msimu wa kutaga hukosi kutembea umeinama. Mayai yana rangi ya udongo na madoa meusi, yamelazwa juu ya majani makavu katikati ya mawe, huyaoni mpaka unyayo uko juu yake. Ndege walimshukia kwa kelele, naye akajifunika kichwa kwa sufuria, na sufuria hiyohiyo ndiyo iliyochemsha mayai jioni. Maana mwiko ulimlinda nyoka. Yai halikuwa na mlinzi.

Mlinzi alipatikana baadaye, pale shirika la uhifadhi la NatureUganda lilipokaa na wavuvi wenyewe wakawekeana kanuni za kupunguza uokotaji wa mayai. Mwaka 2006 Musambwa, pamoja na Ghuba ya Sango na vinamasi vya Kagera, iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu. Mwaka huohuo ikaingia Ghuba ya Lutembe, kati ya Kampala na Entebbe, ambako shakwe na buabua hupumzika kwa maelfu. Kwenye karatasi ni maeneo mawili. Kwangu mimi ni nyumba moja yenye vyumba vingi.

Wanaochunguza ndege wa baharini wamejua siku nyingi kwamba makao ya ndege hayaishii mahali pamoja. Kuna Fungu Mbaraka, kisiwa kidogo nje ya Dar es Salaam wanakotagia buabua, na kuna visiwa vya Ushelisheli. Huko kinda wa buabua mwenye mgongo mweusi akishaondoka hukaa miaka kadhaa akizunguka bahari kabla ya kurudi nchi kavu kuzaa, na hata mkubwa aweza kuhama kisiwa. Ndiyo maana watafiti wa Ushelisheli waliwavika pete miguuni: ukihesabu kisiwa kimoja tu, hutajua kama ndege waliopungua wamekufa au wamehamia kwa jirani. Na kama wamekufa, chanzo huenda kiko mbali kabisa na viota.

Kwa ndege wetu, huko mbali ni pamoja na Bugolobi. Mfereji wa Nakivubo huleta maji machafu ya katikati ya jiji, na zamani mafunjo yaliyachuja kabla hayajafika Ghuba ya Murchison. Miaka ya 1990 wataalamu waliipima kazi hiyo ya mafunjo na kuandika thamani yake. Hata hivyo yakafyekwa, yakapandwa magimbi na miwa, kisha viwanda vikasogea. Ghuba hiyo ndiyo mitambo ya Ggaba inakoteka maji ya kunywa ya Kampala. Shakwe nao wanavua humo, na kwenye mialo wanadokoa dagaa, tunaowaita mukene, walioanikwa.

Wavuvi wa Musambwa walikubali kujinyima chakula kilichokuwa miguuni mwao. Sisi wa mwisho wa mfereji hakuna aliyetuita kikaoni. Kila Januari ndege wa majini huhesabiwa. Ningependa hesabu ya mwaka ujao ibandikwe mlangoni kwa mwenyekiti wetu wa mtaa (LC1), pale pale yanapobandikwa matangazo ya viwanja vya kinamasini.