Mifumo Wenza: Historia ya Linux na Windows katika Kompyuta Moja

Mafundi wa kompyuta wa mijini wana usemi wao: kompyuta ikizorota, husema "ipigwe window". Usemi huo umeingia hata maofisini, nao hauna ubaya kwa mzungumzo. Lakini ndani ya kitenzi hicho kimoja vimefichika vitendo viwili visivyofanana, yaani kuuweka mfumo mpya na kuufuta uliokuwapo pamoja na kila kilichohifadhiwa humo. Tunamfahamu mwalimu mmoja wa sekondari aliyepeleka kompyuta yake kwa fundi akitaka awekewe Linux pamoja na Windows aliyokuwa nayo. Alisema, "Nipigie na Linux." Fundi akapiga. Alama za mitihani za mihula mitatu zikatoweka, na hadi leo kila mmoja wao aamini kwamba mwenzake ndiye aliyekosa. Sisi twaona kwamba kosa lilikuwa katika neno.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mifumo endeshi miwili ilivyopata kukaa katika kompyuta moja, na kupima maneno ambayo Kiswahili chaweza kuyatumia mintarafu ya jambo hilo. Historia tunaitanguliza kwa sababu istilahi hizi zimezaliwa nayo, na mtafsiri asiyeijua hana budi kubahatisha.

Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayozigawia programu nyingine kazi, kumbukumbu na nafasi katika diski. Kompyuta hutumikia mfumo mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo penye miwili lazima pawe na namna ya kuchagua. Jambo hilo lilifikiriwa mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Kompyuta ndogo ya IBM ilitoka Agosti 1981 nayo haikuwa na diski ya ndani. Machi 1983 ikafuata ile iliyoitwa XT, yenye diski ya megabaiti 10, pamoja na toleo la 2.0 la mfumo wa DOS. Katika diski hiyo, sekta ya kwanza kabisa, yenye baiti 512 tu, ilipewa kazi kubwa: baiti 446 ni za programu ndogo ya kuuamsha mfumo, baiti 64 ni za jedwali, na baiti mbili za mwisho ni alama ya kuthibitisha kwamba sekta hiyo ni halali. Jedwali lina mistari minne, kila mmoja baiti 16, na kila mstari waeleza ni wapi sehemu moja ya diski inapoanzia na ukubwa wake. Hivyo diski moja iliweza kugawiwa wapangaji wanne, miaka minane kabla Linux haijazaliwa.

Sehemu hiyo ya diski tuiite nani? Karakana husema "patisheni", na hatuwalaumu. Neno "sehemu" ni pana mno. "Kigawo" limekwisha chukuliwa na walimu wa hesabu. Sisi twapendekeza "fungu". Watumishi wa Serikali wanalijua kutokana na bajeti: kila fungu lina kiasi chake na mwenye dhamana wake, na fedha ya fungu moja haihamishwi kwenda jingine bila utaratibu. Ndivyo ilivyo katika diski. Kulipunguza fungu la Windows ili kupata fungu la Linux ni uhamisho wenye utaratibu wake, na anayeuruka utaratibu hupata hasara. Basi lile jedwali la baiti 64 litakuwa "jedwali la mafungu", na mtu wa Hazina atalielewa bila mkalimani.

Linux yenyewe ilianza ikiwa mwenza. Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 katika Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anaunda mfumo endeshi kwa kujifurahisha. Aliuunda katika kompyuta iliyokuwa na Minix, mfumo wa kufundishia ulioandikwa na Andrew Tanenbaum wa Amsterdam na kutolewa mwaka 1987. Torvalds mwenyewe amesimulia jinsi siku moja alivyokusudia kuipigia simu kompyuta ya chuo, akakosea, na amri za kupiga simu zikaandikwa juu ya diski yake. Fungu la Minix likaharibika. Badala ya kulitengeneza aliamua kuitegemea Linux peke yake. Twalitaja tukio hilo kwa kuwa mwalimu wetu wa sekondari apate kujua kwamba yuko pamoja na watu wakubwa.

Mwaka 1992 Linux iliwekwa chini ya leseni ya GPL, iliyoandikwa na Richard Stallman, ambayo huruhusu mtu yeyote kuinakili, kuichunguza na kuibadilisha. Watu wakaitaka. Lakini wengi wao walikuwa na DOS au Windows katika kompyuta zao, nao hawakuwa tayari kuiacha kabla ya kuijaribu ile ngeni. Hapo ndipo programu iitwayo LILO, kazi ya Werner Almesberger, ilipopata umuhimu. Ilikaa katika ile sekta ya kwanza, ikamwuliza mwenye kompyuta aamshe mfumo upi. Udhaifu wake ni kwamba ilikumbuka mahali penyewe katika diski kilipo kiini cha Linux. Kiini kikibadilishwa na mwenyewe akasahau kuiarifu LILO, asubuhi kompyuta haikuamka.

Na hapa pana neno jingine la kuamua. Kiingereza kimeitwaa istilahi yake kutoka kwenye ukanda wa kiatu cha buti, kwa mfano wa mtu anayejiinua mwenyewe kwa kuvuta kamba za viatu vyake. Mfano huo hauna maana kwetu. "Buti" katika Kiswahili ni kiatu, au sehemu ya nyuma ya gari pakiwekwapo mizigo, na mwanafunzi akisoma kwamba kompyuta "imebuti" atacheka. "Kuwasha" ni kuipa mashine umeme, na lafaa libaki hapo. Kwa mfumo twaona "kuamsha" ni bora: mtu huwasha kompyuta mara moja, kisha huamsha mfumo mmojawapo kati ya miwili. Programu yenye kazi hiyo iwe "kiamshi". Kiamsha kinywa tunakijua, wala hapana atakayevichanganya.

Agosti 1995 Microsoft ilitoa Windows 95. Programu yake ya usakinishaji iliiandika upya sekta ya kwanza bila kumwuliza mtu, na LILO iliyokuwapo ikafutika. Mafungu ya Linux yalikuwa salimini, ila mlango wa kuyafikia ndio uliozibwa. Kutoka hapo ikazaliwa kanuni ambayo mafundi huifuata hata leo: Windows itangulie, Linux ifuate. Mwaka huohuo Erich Boleyn alianza kuandika GRUB, kiamshi chenye uwezo wa kusoma mafaili ya fungu na kukitafuta kiini kwa jina lake. Mwaka 1999 kiliingizwa rasmi katika mradi wa GNU, na baadaye kikachukua mahali pa LILO karibu kila upande.

Mwaka 2004 una umuhimu wa pekee kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa programu za ofisi za OpenOffice.org kwa Kiswahili, zikiitwa Jambo OpenOffice. Mwaka uo huo Microsoft nayo ilitangaza kwamba Windows na Office zitapata sura ya Kiswahili. Oktoba ikatoka Ubuntu, Linux iliyogharimiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa damu wa neno letu "utu". Basi, kama vile mifumo ilivyokuwa miwili, istilahi nazo zilitungwa na makundi mawili, kila moja kwa haja zake. Ndiyo maana mtumiaji wa leo huweza kukutana na "sakinisha" hapa na "sanidi" pale. Sisi twaipenda "sakinisha", maana asili yake ni "sakini", yaani kukaa mahali. Anayesakinisha mfumo humpa mgeni makao, na makao ya mgeni hayamaanishi kufukuzwa kwa mwenyeji. "Sanidi" ibakie kwa kupanga mambo ya mfumo uliokwisha sakinishwa.

Neno gumu zaidi ni lile la kuliandaa fungu lipokee mfumo mpya. "Fomati" na "umbiza" yote yametumika, nayo yana kasoro moja: hayamwonyi msomaji kwamba yaliyomo yatapotea. "Kuumba" katika fikira zetu ni kuleta kitu, si kukiondoa. Tumefikiria "kufyeka fungu", kama mkulima afyekavyo shamba kabla ya kupanda. Wengine wataliona ni kali. Ukali huo ndio tunaoutaka.

Mambo yalibadilika tena kwa Windows 8, Oktoba 2012. Kompyuta zilizokuja nayo zilitumia utaratibu mpya wa kuamsha, uitwao UEFI, na jedwali jipya ambalo kwa kawaida lina nafasi za mafungu 128 badala ya manne. Pamoja na hayo palikuwa na ulinzi unaokataa kiamshi kisicho na saini inayotambuliwa, na saini zilizotambuliwa na kompyuta nyingi zilikuwa za Microsoft. Matthew Garrett alitengeneza kiamshi kidogo kiitwacho shim, kikatiwa saini hiyo, nacho huipokeza GRUB kazi. Mwenza mmoja, kwa maneno mengine, huingia kwa ruhusa ya mwenzake. Agosti 2024 sasisho la Windows liliviongeza baadhi ya viamshi vya zamani katika orodha ya vilivyokataliwa, na watu kadhaa wenye mifumo miwili wakakuta Linux yao haiamki.

Windows 8 ilileta pia desturi ya kutozimika kabisa: mtu huamuru kompyuta izime, nayo huhifadhi nusu ya hali yake ili iamke upesi. Linux ikiamshwa wakati huo na kuandika katika fungu la Windows, mafaili yaweza kuharibika. Mtafsiri hana budi kutenganisha "kuzima" na "kulaza", la sivyo maelekezo yake yatamdanganya msomaji. Saa nayo ina kisa chake. Windows huiweka saa ya mashine kwa majira ya mahali, Linux huiweka kwa majira ya ulimwengu; Dar es Salaam na Nairobi tofauti ni saa tatu kamili. Mtumishi aliyehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine hujikuta amechelewa au amewahi, na barua zake zina saa zisizoaminika. Tiba ni kuiagiza Linux ifuate majira ya mahali, amri ya mstari mmoja.

Tumeyasema haya tukimkumbuka yule anayetafsiri ukurasa mmoja mfupi ambao msakinishaji wa Linux huonyeshwa mapema. Una chaguo mbili kuu, moja ya kuuweka mfumo mpya pamoja na Windows, nyingine ya kuifyeka diski nzima. Tumeona tafsiri zilizoandika "Sakinisha Ubuntu" kwa chaguo zote mbili, tofauti ikaachiwa maneno madogo ya chini. Twapendekeza ya kwanza isomeke "Sakinisha pamoja na Windows, mafaili yaliyopo yatabaki", na ya pili "Fyeka diski yote, kila kilichomo kitapotea". Chini yake uongezwe mstari wa kumtaka mtu atoe kwanza nakala ya akiba na kuiweka nje ya kompyuta hiyo.