Mashavu ya Inayat Khan: Sehemu ya Tatu

Machela ilitua mbele ya hema. Watumishi wakamwingiza Inayat Khan wakimshika makwapani, wakamlaza juu ya matakia manono ya zari. Mwaka huo wa 1618 msafara wa Mfalme Jahangir wa India ulikuwa ukirudi Agra kutoka Ahmedabad, na Khan, mmoja wa wakuu wa dola, aliyemalizwa na kasumba na mvinyo, alikuja kuomba ruhusa tu ya kutangulia.

Mfalme alimkodolea macho. Mtu anaweza kukonda hivi na bado akapumua?

"Waiteni wachoraji!"

Mchoraji kijana akapiga magoti, karatasi iliyosuguliwa kwa jiwe hadi kung'aa ikiwa pajani. Tangu enzi za Akbar, baba yake Mfalme, wakuu wa dola walichorwa na sura zao kukusanywa katika albamu. Kijana alikwisha kuwazoea: wamesimama wima, uso umegeuzwa upande, mkono juu ya upanga au umeshika ua, mshipi wa dhahabu kiunoni. Huyu wa leo upanga angeuvaa wapi? Joho lilikuwa wazi, mbavu zinahesabika. Shingo ilikuwa mishipa mitupu. Kwa burashi ya manyoya ya kindi alishuka nazo ubavu baada ya ubavu, na kila alipopatia, moyo ulimuuma.

Mfalme akampa mgonjwa rupia 2,000 na ruhusa ya kwenda, akatoka na watu wake.

"Lete nione," sauti ilitoka kwenye matakia.

"Bwana wangu, hii ni mali ya Mfalme."

"Uso je, ni wa nani?"

Kijana akasogea. Khan aliitazama karatasi, kidole kikipita juu ya taya lile la wino bila kuligusa.

"Nirudishie mashavu yangu, mwanangu. Watakaonizika wananijua. Watakaoiona hii baada yao hawatakuwa na Inayat Khan mwingine." Akausukuma mfuko wa rupia kwa kiwiko. "Zote zako. Mimi sina pa kuzitumia."

Kijana alitazama mfuko, akatazama mashavu yale yaliyobonyea. Mistari miwili tu ingetosha. Akachovya burashi, akainama, ncha ikaigusa karatasi.

Pazia la hema likafunguka nyuma yake. Khan, aliyekuwa hawezi hata kuketi, alijaribu kuinamisha kichwa kwa heshima.

"Endelea," ilisema sauti ambayo kijana aliijua vizuri. "Nataka nione unachoongeza."

Itaendelea wiki ijayo