Mkono wa Mwandishi, Neno la Mtawala: Ukusanyaji wa Barua za Kale katika Milima ya Usambara

Wapo duniani watu wanaokusanya barua za watawala na majemadari kwa ajili ya mkono ulioziandika. Barua ya Napoleon hutafutwa kwa sahihi yake, ijapokuwa nyingi aliwatamkia makatibu, kisha akatia sahihi ya herufi chache tu. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba mkusanyaji wa namna hiyo akija huku kwetu, hapa Magamba na vijiji vya jirani, huenda akaacha kilicho bora na kuchukua kilicho hafifu.

Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka Vuga mpaka alipofariki mwaka 1862. Mwanawe, Semboja, alikaa Mazinde, chini ya milima hii, penye njia ya misafara iliyotoka Pangani kwenda bara. Nguvu zake zilitegemea bunduki na biashara, na biashara ya mbali haiendi bila barua. Miongoni mwa waandishi wake alikuwa Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, yule yule aliyetuandikia Habari za Wakilindi, kitabu alichokihariri J.W.T. Allen na kutolewa upya mwaka 1962.

Je, barua iliyoandikwa katika baraza kama lile ni ya nani? Neno ni la mtawala. Khati, mpangilio na adabu ni vya mwandishi. Barua ya zama hizo hufunguliwa kwa salamu za Kiarabu, pamoja na jina na sifa za mpelekewa. Hufuata neno “wabaadu”, ndipo haja yenyewe ielezwe kwa Kiswahili. Salamu zikirefushwa au zikikatwa, mpelekewa hujua amewekwa daraja gani. Anayetazama sahihi peke yake hayaoni hayo.

Kuna pia suala la hati. Herufi za Kiarabu, kama zilivyotumiwa na waandishi wengi, hazikupambanua sauti zote za Kiswahili: fe yaweza kusimama mahali pa v, na ghaini mahali pa g. Hivyo Vuga, mji wa wafalme, waweza kusomeka “fuga”, kana kwamba habari ni ya mifugo. Kosa hilo hurekebishwa na mtu anayeijua nchi, si na anayeijua bei ya karatasi.

Mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha mjini Berlin mkusanyo wa barua na maandishi mengine ya Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu, kwa herufi za Kilatini na kwa tafsiri ya Kijerumani. Tunamshukuru. Hata hivyo, kitabu kile kilikuwa cha kufundishia lugha Wajerumani, na haja ya wanafunzi wake haikuwa haja yetu. Tukumbuke pia jibu la Machemba kwa Wissmann mwaka 1890. Lilikuwa la Kiswahili, la kukataa kunyenyekea. Lakini mimi mwenyewe nililisoma kwanza kwa Kiingereza. Mtu anayesoma ukaidi wa babu zake kwa lugha ya kigeni amekwisha kupungukiwa na kitu.

Nyaraka za Taifa zilianzishwa mwaka 1963, na Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 inahusu utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka. Lakini makabati ya serikali hayawezi kuwa na yote. Karatasi nyingine hukaa katika masanduku ya koo. Nawaomba wanafunzi wetu watakaozifikia wasinunue barua moja wakaitenga na nyingine. Wazipige picha zote, pamoja na bahasha na maandishi ya pembezoni. Waulize nani alizitunza na kwa sababu gani. Wamsikilize mzee akizisoma, hata pale anapokosea. Kisha karatasi zirudi sandukuni, na nakala za picha zibaki kwa wenyewe.