Kiti cha Mgeni: Meza na Viti vya Mahogani katika Nchi ya Rumanyika

Mwishoni mwa Novemba 1861, mara tu baada ya John Hanning Speke kuwasili katika makao ya Rumanyika Orugundu, mfalme wa Karagwe, mmoja wa wana wa mfalme alimkuta mgeni amekaa juu ya kiti chake cha chuma. Kijana alirudi mbio kwa babake kutoa habari. Haukupita muda Speke akaitwa, aje na kiti chake, ili watu wa ikulu wamtazame mzungu akiwa juu ya enzi yake. Kwani mtu mwenye kukalia kitu kama kile, kwa maoni yao, hakuweza kuwa ila mfalme. Speke mwenyewe ndiye aliyekiandika kisa hiki katika kitabu chake cha 1863, na mwandiko wake unaonesha kuwa kilimchekesha.

Kicheko hicho hakikustahili. Speke alipomwona Rumanyika kwa mara ya kwanza, mfalme na nduguye Nnanaji walikuwa wameketi chini, wamekunja miguu, na adabu ya nyumba ile ikamstaajabisha mgeni. Watu wa Karagwe walikuwa na sheria yao ya nani hukaa wapi na kwa namna gani. Walipomwona mtu amejiinua juu ya ardhi na kuegemea, walilifasiri jambo hilo sawasawa. Miezi mitatu baadaye, katika ikulu ya Mutesa wa Buganda, Speke huyohuyo alikataa katakata kukaa chini kama walivyokaa wageni wengine, akakifanya kiti chake kuwa suala la heshima ya taifa lake. Mwana wa Rumanyika alikuwa ameyaona hayo mapema.

Anayetaka kuandika historia ya meza za kulia na viti vya mahogani katika nchi ambayo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa hana budi kuanzia hapo. Vyombo hivi havikuingia huko kwa ajili ya chakula. Viliingia kwa ajili ya cheo. Chakula kilifuata baadaye sana, na katika nyumba nyingine hakikufuata kabisa.

Isidhaniwe kuwa nchi ile ilikuwa tupu ya ufundi. Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1876 alioneshwa hazina ya Rumanyika: bata wa shaba, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, mikuki yenye mipini ya chuma, na pia vikombe, sahani na vyombo vya maziwa vya mti ambavyo alivisifu kwa uzuri wake. Kulikuwamo kigoda cha mfalme, kilichochongwa kutoka gogo moja. Mchongaji aliyeweza kutoa kigoda kama kile hakushindwa kutengeneza meza. Hakuwa na haja nayo. Ndizi zilizopikwa ziliandaliwa juu ya majani ya mgomba, na walaji walikaa chini, wameyazunguka.

Wala watu wa pwani, waliokuwa na kituo chao cha biashara huko Kafuro, karibu na mji wa mfalme, hawakuwa na somo tofauti la kufundisha. Sayyida Salme, bintiye Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anaeleza kuwa katika jumba la babake Unguja yalikuwamo makochi, meza na viti vya Kizungu, lakini zaidi kwa kutazamwa. Wakati wa kula, jamaa walikaa juu ya mazulia na mikeka, mbele ya sinia ndefu ya mbao iliyoinuka vidole vichache tu kutoka sakafuni. Kwa hiyo Unguja na Karagwe, zilizotenganishwa na safari ya miezi mingi, zilikubaliana katika jambo hili: meza ya Kizungu ni kitu cha kuoneshwa mgeni.

Tofauti ni kwamba Unguja ilikuwa na bandari. Mzigo wa mpagazi katika misafara ya bara ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30. Kiti cha chuma cha kukunja kilibebeka. Meza ya watu wanane yenye miguu iliyokerezwa haikubebeka, labda ikatwe. Ndiyo maana samani nzito zilisubiri mvuke. Emin Pasha alianzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, reli kutoka Mombasa ikafika ziwani mwaka 1901, na meli zikaunganisha bandari za ziwa. Kutoka Bukoba kwenda Karagwe palibaki vilima na mabonde ya kutosha kumfanya mtu afikiri mara mbili kabla ya kuagiza kabati.

Kizuizi cha pili hakitajwi mara nyingi, nacho ni nyumba yenyewe. Msonge wa Kinyambo ni mviringo. Meza ya pembe nne haina ukuta wa kuegemea ndani yake. Hukaa katikati kama mgeni asiyejua aelekee wapi, na huzuia njia ya kwenda motoni. Ilibidi nyumba ibadilike kwanza. Wamisionari wa Kikatoliki, waliofungua kituo cha Kashozi karibu na Bukoba mwaka 1892, na Walutheri waliofuata baadaye, walileta nyumba za pembe nne, shule, na karakana za useremala ambamo vijana walijifunza randa, patasi na namna ya kuingiza ulimi wa ubao mmoja katika tundu la mwenzake bila msumari. Ofisi za serikali ya kikoloni zikawa na meza zao. Mwananchi aliyeitwa ofisini alisimama, bwana alikaa. Somo la Speke likarudiwa kila siku ya kazi.

Na mti? Mahogani asilia, ile ya jamii ya Swietenia, ni mti wa visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati. Uingereza ilifuta ushuru wa mbao za makoloni yake mwaka 1721, na baada ya hapo meza za matajiri wa London zikawa za mahogani, zilizokatwa Jamaika na kandokando ya Ghuba ya Honduras na mikono ya Waafrika waliotiwa utumwani. Fahari ya mti huo ilikuwa na damu tangu mwanzo. Mahogani ya Afrika ni ndugu yake wa mbali, mkangazi, uotao katika misitu kama Budongo ya Uganda. Karagwe na Kyerwa, kwa sehemu kubwa, ni nchi ya nyasi, migunga na migomba. Mti wa nyumbani huko ni omushambya. Mvule nao unajulikana katika mkoa mzima wa Kagera. Basi meza iitwayo mahogani katika sebule ya huko ama ilitoka mbali, ama ni mvule au mninga uliopakwa vanishi nyekundu. Si aibu. Mvule uliokauka vizuri humshinda mchwa, na seremala aliyeuchagua alijua afanyalo. Jina la mahogani alilitaka mwenye nyumba.

Aliyeweza kulipia jina hilo alikuwa, zaidi ya wengine, mkulima wa kahawa. Bei za miaka ya 1950, wakati Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba kilipoanza kazi, zilijenga nyumba nyingi za bati. Baridi kali iliyoua mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei tena, ingawa safari hii vyama vya ushirika nchini vilivunjwa mwaka 1976 na sehemu kubwa ya faida haikumfikia mkulima. Meza ya fedha ya kahawa ilifunikwa kitambaa cha kufuma. Padri alilia hapo, bwana shamba alilia hapo, mkwe alilia hapo. Mama na watoto walikula jikoni, juu ya mkeka, na pengine walikula kwa raha zaidi.

Leo meza hizo zinaondoka. Makochi yenye mito yamechukua nafasi, na seti ya viti sita, mwenyewe akifariki, hugawanywa kwa warithi: viwili hapa, kimoja kule, meza kwa kitinda mimba aliyebaki nyumbani. Tangu mkutano wa Panama wa mwaka 2022, biashara ya kimataifa ya mbao za mkangazi na za mninga imewekewa masharti, na kwa hiyo mbao za zamani zitazidi kutafutwa. Mnunuzi hujua anachotafuta. Mwenye nyumba naye angefaa kujua kabla hajataja bei.

Ajuaye kusoma meza huigeuza. Upande wa juu umesuguliwa na kupakwa rangi mara nyingi, hausemi kweli. Chini yake mbao hazikupakwa kitu: hapo huonekana rangi halisi ya mti, alama za msumeno wa mkono zilizokwenda mshazari au za msumeno wa mashine zilizopinda kwa mpangilio, mikwaruzo ya randa, vigingi vya mti pale ambapo fundi wa siku hizi angepiga msumari. Na ikiwa miguu inafunguka kwa parafujo, kila mmoja ukiwa na namba yake iliyochongwa kwa patasi, basi aliyeitengeneza meza hiyo alijua kwamba itasafiri.